Siku Shangazi Alipotunza Fidla

Bawshar, Maskati

Kwa dada yangu mpenzi Shaikha,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, shemeji na watoto hapo Unguja hamjambo, na kile kikohozi chako kimekwisha. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama ananenepa, ila yeye anasema nguo ndizo zinazopungua. Shangazi Mahfoudha anakusalimu mno, na habari yenyewe ni yake.

Bibi yake mwalimu wangu wa fidla alikuja kumtembelea. Anaitwa Bi Hana, ana miaka tisini na ushei. Babake, Yosef Landsner, alikuwa mtunzi wa muziki, Myahudi wa Vienna. Wanazi walimfukuza kazi, wakaupiga marufuku muziki wake. Akampandisha bintiye treni kwenda Uingereza aokoke, mtoto wa miaka sita, peke yake. Yeye akafungwa kambini, na humo humo, na njaa yake, akaandika muziki wa harusi ya Hana, maana alijua siku hiyo hatakuwepo. Wakamuua. Rafiki aliyesalimika ndiye aliyemfikishia binti karatasi zile. Nililia, dada.

Bi Hana alipoolewa hakuthubutu kuupigisha. Baadaye kila aliyeupiga aliupiga kama wa mazishi, naye akakasirika. Hata sisi wanafunzi wa mwalimu, tuliopewa kuupiga kwenye onyesho letu, kwenye mazoezi tulijikokota, nyuso za tanzia. Akatuambia waziwazi kwamba babake aliandika watu wacheze, na tukiulilia tena atachukua karatasi zake na hautapigwa tena popote.

Alhamisi, siku ya onyesho, ukumbi kimya, watu wanaogopa hata kukohoa. Sijafika mbali katika kupiga, namwona Shangazi anainuka safu ya mbele, gauni la vimeta, noti ya pesa mkononi, anakuja kwa madaha, bega hili bega lile, kama yuko kwenye taarabu. Akanichomekea noti kwenye mtandio, akapiga kigelegele! Mwalimu alibadilika rangi. Lakini mkono wangu ulichangamka wenyewe, na wenzangu wakanifuata mbio.

Bi Hana akasimama na mkongojo wake. Nikajua tumekwisha, anaondoka. Kumbe anamfuata Shangazi. Akamshika mkono, wakacheza wawili hao mpaka mwisho, na watu wakawapigia makofi ya harusi.

Sasa la siri, Mama asilisikie. Watu wanamcheka Shangazi kwamba hajui adabu za ukumbi ule. Anazijua vizuri, mara ngapi amekaa humo kimya akinisikiliza! Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia kuna harusi imechelewa na bibi harusi hana jamaa wa kumchezea. Aliniuliza tu avae nini.

Bi Hana amesafiri jana, karatasi ametuachia. Tulipoagana alinikumbatia, akasema aliolewa zamani, kwa mashahidi wawili na chai, lakini babake amemwoza Alhamisi, hapa Maskati.

Wabusu watoto, na shemeji umpe salamu zangu nyingi.

Nduguyo akupendaye,
Nouf