Mstari Wako Uliosema Subiri

Kaka Festo,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo na sianzi leo.

Nakuandikia nikiwa uani kwako Chamazi, kwenye kile kiti chako cha plastiki chenye mguu wa kuunga. Shemeji Agnes hajambo. Tangu utuache anaishi kwa kuuza maji ya kisima hiki, majirani bado wanakuja na ndoo zao, na kile kimashine ulichokiunda cha kuendesha pampu bado kimefungwa ukutani. Ila ndani yake, kaka, wewe humo tena. Nimekutoa mie mwenyewe, wiki hii.

Wale jamaa wa kerneli, ile programu ya kiini inayoendesha vimashine kama hiki, wameamua. Unakumbuka ulivyokuwaga unalalamika kwamba kila aina ya prosesa ina nakala yake ya msimbo wa kuamsha saa ya ndani mashine ikiwashwa, kazi ileile imeandikwa mara chungu nzima, kosa likirekebishwa huku linabaki kule? Basi wameandika mmoja wa wote. Nakala nyingine zinafutwa, na ile uliyoiandika wewe kwa prosesa yetu imo. Shemeji aliponiuliza, nikamwambia ni kama nyumba ya kupanga ambayo kila chumba kina jiko lake na wote wanasonga ugali uleule, sasa limejengwa jiko moja. Akasema, "Si vizuri hivyo?" Nikamwambia ni vizuri. Na kweli ni vizuri, kaka, ndiyo maana inaniuma, sina hata wa kumkasirikia.

Kabla ya kufuta waliuliza. Yule dada anayesimamia kazi hiyo, sijui hata yuko nchi gani, aliandika kwa heshima kabisa: nakala yetu inafanana na nyingine zote isipokuwa mstari mmoja, ule unaosubiri kidogo kabla ya kusoma saa. Ni wa nini? Juu yake uliandika kwa Kiswahili, "Subiri. Usiondoe," basi.

Sasa mie ningejibu nini? Miaka yote ile tulikaa pale Tandale, kwenye kachumba nyuma ya duka la nafaka, mie nimeshika nyaya, wewe unakula mihogo juu ya kibodi. Nikikuuliza kwa nini, unasema, "Dogo, we andika, sababu utaijua." Sikuijua. Ulikuwa mbishi wewe, na mvivu wa kueleza, Mungu anisamehe kwa kumsema marehemu. Halafu ukaugua ghafla, ukaondoka nayo.

Nilijaribu. Nilichukua bodi yako ya akiba, pacha wa hii iliyo ndani ya kimashine, nikautoa mstari, nikawasha, nikazima, nikawasha tena mpaka kidole kikauma. Inawaka vizuri tu. Nikaurudisha, inawaka vilevile. Nilitamani igome, kaka, igome hata mara moja nipate la kuandika. Mwishowe nikamjibu yule dada ukweli: sijui, aliyejua amefariki. Akanipa pole. Kesho yake ulishafutwa.

Ningeweza kukiacha kimashine na toleo la zamani. Lakini siku hizi maji hapa yanalipiwa kwa simu, na toleo la zamani halirekebishwi tena; wezi wakipata tundu la kuingilia, nitamtazamaje shemeji? Nikabadilisha. Toka siku hiyo umeme haukuwa umekatika, Chamazi hii, hebu fikiria. Umekatika mchana huu nikiwa nakunywa chai, ndipo nikaomba karatasi.

Unajua umeme wa huku unavyorudi. Sio kama wa mezani kwetu nilipoijaribia ile bodi, unakuja unayumba, mafriji ya mtaa mzima yanaamka kwa pamoja. Kama mstari wako ulikuwa na kazi, nahisi ni hapo, kusubiri umeme utulie. Pampu ikigoma, nitarudi kwa yule dada na ushahidi, na mstari utaingia kwenye msimbo wa wote. Ikiwaka, basi tulikufuta kwa haki. Foleni ya ndoo imeshafika getini, shemeji anakuja kila saa kuchungulia tanki, na mie niliyemfungia hiki kitu napaswa kuomba iwake. Naomba igome. Nisamehe, na yeye anisamehe.

Taa ya barazani imewaka. Ngoja.

Imewaka, kaka. Pampu imewaka palepale, haikusita hata kidogo. Maji yanatoka, akina mama wanacheka, shemeji ananiita fundi mbele za watu na kuniambia ungejivunia. Nimejibu asante. Nimejifanya nakagua nyaya ili wasinione uso.

Lala salama, kaka yangu. Nakuahidi nitakuwa nakuja hapa kila umeme ukikatika. Shemeji atadhani nakuja kumlinda yeye na pampu yake, na sitamwambia ninachosubiri.

Dogo wako,
Elia