Ndege ya Kumtafuta Odongo

Jumanne, 3 Mei 1966

Anyango amewamwagia vifaranga uji wake wote sasa hivi, halafu ameniletea bakuli tupu na kusema ameshiba. Mdomo mkavu kabisa. Nimecheka badala ya kumchapa. Hajafika miaka mitatu na uongo anaujua.

Baba yake, Odongo, amerudi kambini Nanyuki juzi. Likizo imekwisha. Safari hii jina lake limo kati ya mafundi wa magari watakaopelekwa Uingereza kusomea kazi. Nilimuuliza kwa nini Wazungu wamfundishe sasa, na Uhuru tumeshapata. Akanieleza kwa viazi vitamu. Kiazi kidogo ni sisi, nchi changa. Kikubwa ni Waingereza. Wao wanatupa ndege, marubani na walimu, sisi tunawaachia mahali pa mazoezi. Nikamuuliza, na wewe ni kiazi kipi? Akachukua kimoja akakila.

Akirudi kutoka Ulaya atapewa nyumba ya askari wenye familia. Ndiyo maana ameniambia niandike Kiswahili kila mara. Wake za askari wote wanaongea Kiswahili. Mimi Mkuria, yeye Mjaluo, Kiswahili ndicho kilituoza pale sokoni Migori. Lakini kuandika kumenishinda tangu darasa la nne. Nitajaribu.

Jumapili, 15 Mei

Barua. Safari ya Uingereza imesogezwa mbele. Wakubwa wamekaa, wetu na Wazungu, wameamua kaskazini kwanza, masomo baadaye. Kule kuna vita na magari yanaharibika, mafundi wanatakiwa. Anaondoka wiki hii.

Nimekasirika na watu nisiowajua hata sura.

Alhamisi, 9 Juni

Chifu amekuja na askari mmoja, Koplo Mutua, Mkamba, rafiki ya Odongo. Nilijua kabla hawajakaa.

Lori lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Walikuwa watatu. Wawili wameokotwa wamekufa. Odongo hakuonekana. Si mwili, si kiatu.

Mama mkwe alipiga nduru mpaka majirani wakaja. Mimi sikupiga. Mtu hajaonekana, nduru ya nini?

Ijumaa, 10 Juni

Koplo alilala hapa. Asubuhi Mzee, baba mkwe wangu, alimuuliza taratibu.

"Mlimtafuta?"

"Ndege ilimtafuta, Mzee. Asubuhi mpaka jua kuzama."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake ilipewa kazi nyingine. Kuna kituo kilikuwa hakina maji, ikaenda kulinda magari ya maji."

"Ndege ni ya nani?"

"Yetu. Tulipewa na Waingereza."

"Anayeiendesha?"

"Mzungu."

"Na anayesema iende wapi?"

Koplo alitazama kofia yake. "Wanakaa pamoja, Mzee. Wetu na wao. Rubani mwenyewe aliomba arudi kutafuta. Akaambiwa wale wa kituoni wana kiu."

Odongo naye labda ana kiu. Nilitaka kusema hivyo. Nikaenda kumchotea Koplo maji ya kunawa.

Jumatatu, 20 Juni

Tumeenda Homa Bay kwa D.O., ofisa wa serikali, mimi na mama mkwe. Tumetoka nyumbani Rangwe kwa miguu, Anyango mgongoni. D.O. ni kijana, shati jeupe. Alinipa kiti chake. Alisema ataandika kuomba ndege irudi kutafuta, ila tusiweke moyo sana. Ndege ni chache. Kwanza maji na risasi, halafu majeruhi, halafu mengine.

Mama mkwe aliuza samaki miaka mingi pale gatini, kwa hiyo Kiswahili hakiogopi. Akamwambia, "Mwanangu, waambie tunaiazima tu. Siku moja. Tutairudisha." Karani akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anasema vile mtu anaazima sufuria.

Nilitaka kumchukia yule D.O. Nimeshindwa.

Jumatano, 6 Julai

Jibu limekuja. Ndege haitarudi. Jeshi linamhesabu amekufa. Pole nyingi.

Mimi simhesabu hivyo. Mjomba wangu alifuata ng'ombe walioibwa mpaka Tanganyika. Alirudi tumeshagawana vitu vyake, akauliza chakula kiko wapi. Watu wanarudi. Nimefua shati lake la jeshi, lile kuukuu, nimelikunja.

Jumamosi, 16 Julai

Sijui nitaandikaje.

Asubuhi shemeji Ochieng, mdogo wake Odongo, alileta tunda la mti ule wanaouita yago. Refu, zito, rangi ya kijivu. Aliliweka chini ya paa la mama na kwenda zake. Nikajua wazee wanakuja, nikadhani ni la kutia kwenye pombe. Sikuuliza. Mambo ya huku mengi siyajui na nimechoka kuuliza.

Anyango akalipenda. Alitaka nimfunge nalo mgongoni, likamshinda. Basi akalilaza mkekani, akalifunika na leso yangu, akakaa kando kulipigapiga. Lala, lala. Nikafurahi. Mara ya kwanza kucheka tangu Koplo aje. Nikaita, "Mama, njoo uone mjukuu wako amepata mtoto."

Mama mkwe akaja. Akaona. Akakaa chini, hapo hapo kwenye mchanga.

Ochieng akanivuta pembeni. "Shemeji, hukuambiwa?"

Mtu wao akipotea na mwili usionekane, wanazika tunda hilo badala yake. Kaburi kamili, kilio kamili. Hilo tunda ni Odongo.

Na mimi nilimwita mama yake aje kucheka.

Jumapili, 17 Julai

Nimekataa. Nimelibeba tunda nikaliingiza nyumbani kwangu, nikakaa mlangoni. Wazee wamekuja, wamesubiri nje. Mmoja akasema, "Huyu nyar Kuria atatufundisha kuzika?" Nyar Kuria ni binti wa Kikuria, ndiye mimi. Mzee akamwambia anyamaze. Akaja peke yake, akakaa kwenye kizingiti kama mtoto.

Nikamuuliza, "Baba, mkizika leo, na kesho akija?"

"Aliyezikwa hapiti tena lango la boma hili. Hata akija. Hiyo ndiyo sheria yetu."

"Basi mnamfungia."

Akasema, "Boke, mwanangu. Serikali yetu imeacha kumtafuta. Ya Waingereza imeacha. Kama amekufa, analala nje huko kwenye mchanga, na hakuna aliyemwambia pole. Mimi nikikataa kumpa mahali, atapewa na nani?"

Sijawahi kuona mwanamume mzee akilia. Hakujificha.

Nimempa tunda. Nimempa na lile shati.

Jumanne, 19 Julai

Tumezika. Kaburi la urefu wa mtu, upande wa kulia wa nyumba yangu. Tunda limevishwa shati, mikono imekunjwa kifuani. Bado najiambia ni tunda.

Hakuja mtu wa jeshi. Padri hakutaka kuja, akamtuma katekista. Katikati ya sala ndege ikapita juu sana, ndogo kama nzi. Ya abiria labda. Watu wote wakaacha kuimba wakatazama juu mpaka ikapotea.

Mama mkwe hakutupa udongo. Alisema mgongo unamuuma.

Nimelia mwishowe. Nimelia vibaya, kwa Kikuria, na wanawake wa huku hawakuelewa neno lakini walinishika.

Alhamisi, 21 Julai

Mvua ndogo asubuhi. Wageni wameondoka. Nimenyolewa kichwa, na Anyango amekishika kila upande. Kisha akaenda kwa vifaranga.

Niko nyuma ya nyumba, naandikia magotini. Mama mkwe yuko hapa na panga tangu kunywa chai. Anakata ua wa boma. Minyaa ile inatoa maziwa meupe, yakiruka jichoni yanachoma, naye macho yamemwiva. Ametoboa shimo kubwa, mtu anaweza kupita akiinama. Nimemuuliza la nini. Amesema lango ni lango na ua ni ua, na wazee hawakusema lolote juu ya ua.

Mzee amepita sasa hivi. Amesimama. Nikajua leo kutakuwa na ugomvi.

"Mbuzi wataingia," amesema.

"Wataingia," mama amejibu, anaendelea kukata.

Mzee ameangalia lile shimo kwa muda. Halafu amesema, "Ongeza juu kidogo. Ni mrefu," na ameenda zake akijikongoja kwa fimbo.

Hakusema alikuwa. Nimesikia vizuri, amesema ni mrefu. Nataka niandike hapa jinsi mama alivyo

mama ananiita, nikashike matawi ya juu, panga halifiki, ngoja