Matairi Kwanza, Mota Baadaye

Mjukuu wangu Sefu,

Huku Makindye hatujambo, na babu yako amepona mguu. Umeniuliza kigari chako cha rimoti cha kupandia mawe ukibadilishe nini kwanza, na naona moyo wako uko kwenye mota.

Baada ya vita vya hapa kwetu, nilipokuwa kijana, nilikuwa dereva wa zahanati. Siku moja ya mvua nilikuwa nikimpeleka mama mwenye uchungu wa uzazi hospitali ya Nsambya, tukakwama mlimani. Nilikanyaga mafuta, magurudumu yakazidi kuzama matopeni.

“Dada, tutafika?” akauliza.

“Tutafika.”

Nikashuka, nikapunguza upepo matairini. Gari likashika ardhi, likapanda taratibu. Alijifungua salama hospitalini.

Basi nunua matairi laini kwanza. Mota uliyo nayo inatosha. Kigari kikipanda jiwe la kwanza, nipigie nisikie unavyocheka.

Bibi yako,
Zaituni