Minyaa ya Kaburi la Mama Mkwe

Katindiuka, Jumatano, Oktoba 1996

Eti minyaa yangu ni pori! Hasira hazijaniisha mpaka sasa.

Mtendaji wa kata kaja leo kukagua ile sheria ndogo mpya: kila nyumba ya barabarani ipande mbele miti ya asili inayostahimili ukame. Mimi nilitulia, nikijua sina kosa. Minyaa ile, na utomvu wake mkali, imevuka viangazi vyote bila mtu kuimwagilia.

Kaniamkia vizuri, "Shikamoo, mama," kisha kaanza. "Hii ng'oeni, inaharibu sura ya mji. Pandeni huu." Akanipa mche wa mkrismasi, akaniagiza niumwagilie kila jioni mpaka mvua zianze. Asili ya wapi? Mkrismasi ulikuja na mapadre! Na huo ukame utastahimiliwa na mti au na mgongo wangu?

"Mwanangu," nikamwambia, "minyaa hiyo tuliipanda siku tuliyomzika mama mkwe. Ndiyo alama ya kaburi lake. Msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa."

"Basi ihamishieni nyuma ya nyumba."

Tuihamishe! Na marehemu naye tumhamishe? Nikaingia ndani nisije nikamtukana.

Ijumaa anarudi na vijana wa mapanga. Naogopa, sifichi. Mume wangu anasema tutasimama wote pale kaburini, lakini wakija na mgambo...

Mche wake nimeupanda pale pale alipoonyesha. Kabla jua halijazama mbuzi walikuwa wameumaliza. Minyaa hawakuigusa.