Basi la Kwanza la Kwa Silima

Jumapili, 9 Machi 1969

Shaame kaja mbio, hata viatu hakuvua mlangoni. Kulikuwa na mkutano kijijini Kwa Silima. Barabara ya lami itatoka Kidichi, itavuka bonde, itafika mpaka kwao — na basi juu yake! Mwisho wa mwaka huu, kasema mheshimiwa. Watu wamepiga makofi mpaka mikono imewauma.

"Sasa huna sababu," kaniambia huyu mume wangu. Nkamjibu: basi likifika, nnahamia, na Mama nnamchukua.

Nimesema kweli? Sijui. Mwaka wa tatu huu tuna nyumba mbili. Yeye kule kwenye eka zake tatu alizogaiwa na serikali baada ya Mapinduzi, mimi hapa mjini Kiponda na Mama na skuli ninayosomesha. Toka lami inapokwisha mpaka kwake ni mwendo wa kuvua viatu na kupandisha buibui. Na Mama mguu mmoja hauna nguvu tangu kiharusi. Nani atambeba?

Nlipompa Mama habari, kacheka. Alipokuwa mdogo alipanda gari la moshi mpaka Bububu, masizi yakamchafulia nguo ya sikukuu, na wakubwa wakisema reli itasonga mbele, itafika kila pahala. Badala yake waliing'oa. "Haya, kanunue mashuka ya kuhamia," kaniambia. "Yatapitwa na fasheni kabla ya hiyo lami ya yule."

Yule ni Shaame. Mama hamtaji jina.

Jumatatu, 28 Julai 1969

Kalvati! Ndiyo nyimbo ya nyumba hii siku hizi. Mabomba ya kalvati, ya kupitishia maji bondeni, hayajafika, meli iko njiani. Kabla ya kalvati lilikuwa tingatinga — limepelekwa kwengine kwanza. Kabla ya tingatinga, mpimaji anaumwa. Shaame anahadithia kwa uchungu kama mtu aliyekwenda kuposa, kila siku anaambiwa amngoje mjomba wa binti.

Kila Jumapili wanatoka kujitolea, wanavunja mawe na ngoma juu. Viganja vyake vimepasuka. Nimempaka mafuta ya nazi, na huku nnampaka moyo wangu unasema: kalvati we, kaa huko huko baharini.

Nikajistukia. Nimeandika hapa kwa sababu pengine pa kusema sina. Shamba lile lilikuwa la mjomba Turki, kaka yake Mama. Toka mjomba alipoondoka, Mama hajalitaja hata siku moja. Shaame hakumnyang'anya mtu. Kapewa kama walivyopewa wenziwe, na kabla ya hapo alikuwa hamali hana hata pa kupanda mchicha. Najua. Lakini Mama nimwambie nini — njoo ukae ugenini chini ya mikarafuu ya kaka yako? Hilo silisemi, wala Shaame halisemi. Barabara inatusemea sote. Haijafika, basi.

Ijumaa, 14 Novemba 1969

Ya Rabbi, leo!

Ramadhani, futari inakaribia. Shaame kaja kutoka shamba na saumu yake na shelisheli begani, uso umemwiva. Barabara imeakhirishwa. Mwakani, inshallah. Na mimi mjinga nikatabasamu. Kidogo tu! Kaniona.

"Umefurahi. Unaiombea ife!"

Ningenyamaza. Nkasema barabara yenu hiyo itafika siku ya Kiyama, na ndipo ntakapohamia.

Kasimama katikati ya chumba, mbele ya Mama, akaapa: Wallahi, basi la kwanza litakaloingia Kwa Silima, kama mke wangu Shemsa hamo ndani yake, hana ndoa.

Shelisheli lilikuwa bado liko begani.

Ikaadhiniwa. Tukafuturu, yeye tende yake, mimi yangu. Talaka ya kwanza ilikuwa ya ugomvi wa shati. Ya pili ya harusi ya Bahiya, nlikwenda bila ya ruhusa. Zote mbili alinirejea analia. Hii ikianguka ni ya tatu, na ya tatu hairejewi.

Ulimi hauna mfupa, husema watu. Wake hauna hata nyama.

Jumamosi, 15 Novemba 1969

Tumekwenda kwa Mwalim Abrahman, aliyemsomesha Shaame Kurani chuoni. Katusikiliza, tasbihi mkononi. Neno limeshatoka, kasema. Linaning'inia. Kinywani halirudi.

Halafu kamgeukia Shaame. Mtu mzima kwenda kuapa kwa basi! Angalau ungeapa kwa punda wako, ungelijua anakwenda lini.

Mimi kaniambia: mwanangu, siku hiyo basi likipanda, nawe panda.

Rahisi kusema. Kitu kilichongojewa hivi huja ghafla, mtu yuko darasani anasahihisha hesabu. Na basi la kwanza hujazwa wakubwa.

Njiani Shaame kalia, hakujificha. Nlimpa ncha ya leso yangu ajifute. Nna hasira naye mpaka sasa.

Jumatano, 22 Aprili 1970

Masika. Maji yamelichukua tuta la bondeni, kazi yote ya miezi. Nimefurahi. Shaame naye, ingawa mawe yale ni jasho lake. Tumetazamana tukaona haya.

Jumapili, 30 Agosti 1970

Leo nimekwenda mwenyewe kujitolea. Wanawake tunabeba kokoto kwa pakacha. Bi Kurwa, jirani yake Shaame, hana breki ya maneno: "Zamani mumeo kila mkutano yeye ndiye wa kuuliza barabara lini. Siku hizi kimya, kama bwana harusi." Wanawake wakacheka. Kumbe shamba zima linajua.

Lakini nlimtazama. Hakuna aliyekuwa akivunja mawe kama yeye. Hapumziki, hainui kichwa. Tulipokaa kunywa madafu nkamuuliza, we Shaame, unaharakisha nini? Hujui kinachokuja juu ya barabara hii?

Kasema kule wajawazito wanabebwa kwa kitanda mpaka Kidichi. Mwezi uliopita mmoja hakufika. Niwazuilie watu njia kwa sababu ya mdomo wangu?

Nimeolewa na mtu huyu miaka minane na leo ndiyo nimemuona. Nampenda. Naogopa. Sitaki kuachika!

Usiku nimemwambia Mama yote, hata la mjomba Turki. Kajigeuza kitandani. Halafu, uso ukutani, kauliza: "Ile mikarafuu ya upande wa kisimani. Bado ipo?"

Ipo, Mama. Shaame hajaukata hata mmoja.

Jumatano, 2 Desemba 1970

Sikukuu bado haijaisha. Shaame kaja na kanzu yake mpya, rangi imempotea. Jumamosi. Basi Jumamosi! Kalvati zimeshalazwa, lami imefika nusu, mbele ni udongo mtupu. Wamechoka kungoja, wanazindua hivyo hivyo. Wageni ni wa serikali, na viti vyote ni vyao.

Kumbe Shaame alishakwenda kwa dereva, Mmanga, akamweleza kila kitu, kiapo na talaka na shelisheli. Mmanga kacheka mpaka kakaa chini. Kisha kasema ataniwekea kiti nyuma yake, na mheshimiwa atakayekitaka akae mapajani mwake yeye.

"Viti viwili," kasema Mama kutoka kitandani.

Tukageuka sote. Viwili vya nini?

"Mimi nimekufa? Nnakwenda kutazama tu. Sihami."

Shaame kainama akambusu mkono. Mama hakuuvuta.

Jumamosi, 5 Desemba 1970

Naandika ndani ya basi. Nisipoandika ntapiga kelele.

Tumetoka Darajani vizuri, mimi na Mama, Shaame anatungoja kijijini, bendera mbele, watu wanapunga. Kidichi tumepita. Lami ikaisha. Kalvati ya kwanza, ya pili — na kwenye tuta jipya, mvua ya jana, tumezama. Gurudumu la nyuma limekwenda mpaka kwenye ekseli. Bati za nyumba za Kwa Silima nnaziona!

Utingo kagonga mlango: wote chini, gari liwe jepesi! Wameshuka wote, hata wakubwa na viatu vyao vya kung'ara. Mimi nimekaa. Kaniita mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu kaja juu: bibi wewe, una cheo gani? Nikakishika kiti. Mmanga nimemsikia mwenyewe akisema, likikwamuka hasimami mpaka kijijini, akisimama kati litazama tena. Nikiwa chini, je?

Bi Kurwa alikuwa kashafika, buibui kiunoni. Kapaza sauti bonde zima likasikia: "Mwacheni! Huyo akishuka, kaachika!"

Wakacheka. Wakaelezana. Kicheko kikaisha. Mheshimiwa kavua koti, kakunja suruali, hakuuliza neno.

Mama naye kagoma. Kasema ana mguu mmoja, na huo kaja kuutembeza, si kusukumia magari.

Wanasukuma. Moja, mbili, haya! Limetikisika, limerudi. Mmanga anatukana kwa sauti ndogo. Nnasoma kila dua ninayoijua. Sasa wanaume wanakuja mbio kutoka kijijini, na wa mbele kavua kanzu yake mpya, kaitupa kwenye majani. Hakutazama dirishani. Kapita moja kwa moja nyuma, matope magotini, na sauti yake nnaisikia mgongoni mwangu:

"Sukumeni jamani! Mke wangu yumo!"

Mama kateremsha kioo. Katoa kichwa chote nje, yeye ambaye miaka yote hii humwita yule.

"Shaame! Baba, usitie kiuno, utateguka. Tia bega!"

Limepanda. Limerudi kidogo. Linapanda tena —