Safari Kumi na Nne za Majaribio

Gisozi, Kigali
9 Oktoba 2025

Dada Mukeshimana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya asubuhi na misumeno ya maseremala wa hapa chini, ambayo huanza kazi kabla sijaamka. Barua nampa dereva yuleyule wa mpakani Rusumo. Kwenye simu Mama husikiliza kila kitu, kwa hiyo tuendelee kuandikiana kama nilipokuwa bwenini.

Ofisini nimepewa kazi kubwa kuliko mimi. Unajua kampuni yetu hubeba sampuli za damu kwa pikipiki, kutoka vituo vya afya hadi maabara. Mwezi ujao wanakuja madereva kumi wapya kutoka mikoani, wageni wa jiji kama mimi. Bwana Mutabazi, mkuu wetu, ameniagiza nichague programu ya simu itakayowaonyesha njia. Ziko tatu. Ya kwanza inapendeza machoni lakini inakula bando. Ya pili inaweka ramani ndani ya simu, haihitaji mtandao huko mabondeni, na inajua njia fupi za pikipiki. Ya tatu ina sura mbaya, tena lazima mtu akae aichoree kwa mkono njia za kupita na njia za kukataza. Mutabazi anaipenda ya pili. Natakiwa niijaribu barabarani, safari kumi na nne, nikiwa nimepanda nyuma ya dereva.

Nyuma ya dereva, Dada. Mimi.

Dereva anaitwa Shafiq, kijana wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa hapa. Ndiye mtu wa kwanza hapa kuzungumza nami Kiswahili bila kuniuliza nitarudi lini Tanzania. Ofisini nikifungua mdomo kusema Kinyarwanda, Épiphanie wa mapokezi hucheka mpaka ashike meza, kisha hunisahihisha. Hana ubaya. Lakini siku hizi mchana nakula peke yangu ili nisiseme.

Mdogo wako,
Sangwa


Ngara
16 Oktoba

Sangwa,

Marahaba, mdogo wangu. Huku tunapumua. Miguu ya Mama inampa likizo siku mbili, ya tatu inarudi. Anauliza kama mnakula maharage huko au mnakula usafi wa mji. Mimi nashona sare za shule, shingo imekakamaa hata kugeuka naona shida.

Barua yako nimeisoma nikicheka mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Wewe, juu ya pikipiki! Wewe ambaye marehemu Baba alikuwa akikupakia kwenye baiskeli, unafumba macho tangu nyumbani hadi kanisani, ukishushwa unauliza, "Tumepita kwa nani?" Leo ndiwe mkaguzi wa barabara za Kigali! Hayo macho umeyafumbua lini? Niambie.

Na huyo Shafiq mshike. Mtu wa kukusikiliza ugenini ni nusu ya ndugu.

Dada yako,
Mukeshimana


Gisozi
31 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mnaendelea. Mama mwambie maharage nakula, tena mengi.

Nimemaliza! Safari kumi na nne, na zote tumefika ndani ya muda. Nimechora jedwali: saa ya kuondoka, saa ya kufika, hali ya hewa, na safu ya mwisho, "Je, njia ya simu imefuatwa?" Hapo kila safari tumeweka alama ya ndiyo, mimi na Shafiq tukatia saini. Mutabazi aliisoma ripoti yangu mbele ya wote akasema, "Hivi ndivyo karani anavyofanya kazi." Sijui nilitazama wapi. Mkataba wangu wa majaribio unaisha Desemba, na sasa naona wataniongezea.

Jioni Shafiq alinipeleka kwao Biryogo. Pikipiki tuliiacha barabarani, vichochoro vya kwao ni vya miguu. Mama yake alipika pilau, akanisemesha kana kwamba nimezaliwa mtaa ule. Shafiq alikuwa akimwigizia nilivyokuwa nimemng'ang'ania kiunoni: "Mama, huyu karani ananiminya! Nikifika kituoni sina pumzi ya kuomba sampuli!" Nilicheka nikasikia sauti yangu mwenyewe. Ulikuwa muda mrefu sijaisikia.

Mdogo wako,
Sangwa


Ngara
5 Novemba

Sangwa,

Marahaba. Tu wazima. Hongera kwa sifa, Mama amewaambia hadi wauza ndizi.

Ila nilikuuliza jambo na hukulijibu. Ulikuwa umefumba macho?

Dada yako


Gisozi
9 Novemba, Jumapili

Dada,

Shikamoo. Sitaandika mengi ya salamu, unisamehe.

Ndiyo. Nilifumba. Nilikuwa nasoma saa tukiondoka, nafumba, nasikia pikipiki imesimama, nafumbua, nasoma saa tena. Sikuona ni udanganyifu, maana simu ilikuwa mbele ya Shafiq, na kila tukifika alisema, "Sawa, karani, weka ndiyo."

Barua yako ilipokuja nilimwendea, nikamuuliza kama kweli alikuwa akifuata ile simu. Akacheka.

"Ile simu iko na wazimu," akasema. "Safari ya kwanza iliniambia nikate kulia, nikakuta ngazi za mawe zinashuka hadi kwa watu, na chini mtaro hauna mfuniko. Njia fupi kweli! Nikaizima. Wewe nyuma unatetemeka kama kuku wa mvua. Nikasema, huyu nimpitishe kwenye lami taratibu."

"Zote kumi na nne?"

"Zote. Kigali nimezaliwa, kaka. Simu inifundishe nini?"

Yaani alinihurumia, Dada. Ripoti yangu yote ni huruma ya Shafiq.

Madereva wapya wanaanza Jumatatu ijayo, tarehe 17. Wao hawakuzaliwa Kigali. Simu ikiwaambia kulia watakata kulia, na mvua hizi kila ngazi ni utelezi. Nikisema ukweli, saini ya Shafiq iko chini ya yangu. Nilimwambia hivyo. Akaacha kucheka. "Usiseme," akaniambia. "Watajionea wenyewe siku ya kwanza, wataizima kama mimi." Nikamuuliza, na asiyeizima? Akavaa kofia yake ya pikipiki.

Nifanye nini? Nijibu kabla ya Jumatatu, nakuomba. Dereva nimemsihi akuletee mkononi.

Sangwa


Ngara
15 Novemba

Sangwa mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa dukani siku nne bila kufunguliwa. Mama alizidiwa, nikamkimbiza hospitali, tukalala huko. Leo tumerudi, anakunywa uji, usihofu.

Nimekusoma mara mbili. Nitakuambia kama dada, hata kama si vizuri: nyamaza. Kazi umeitafuta miaka miwili. Rafiki wa ugenini hapatikani mara mbili. Shafiq anaijua hiyo kazi kuliko wewe, na akisema wataizima, wataizima. Si kila kitu ni juu yako. Tangu mdogo unabeba mizigo ya watu, kisha unaumwa tumbo.

Nyamaza, fanya kazi, tupate nafuu.

Dada yako akupendaye,
Mukeshimana


Gisozi
26 Novemba

Dada Mukeshimana,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama. Mwambie nitakuja Krismasi, kazi ikiwepo au isipokuwepo.

Barua yako ilinifikia Jumanne tarehe 18. Nilikuwa nimeisubiri Jumatano, Alhamisi, na Ijumaa asubuhi nilimpigia dereva, akasema hana kitu changu. Saa nne nikaingia kwa Mutabazi. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi kwa sababu nilijua sauti haitatoka. Akasoma, akavua miwani.

"Ulikuwa umefumba macho?"

"Ndiyo, mkuu."

"Safari zote kumi na nne?"

"Kumi na tatu na nusu. Moja tulisimama kwenye taa za barabarani, nikafumbua."

Hakucheka. Nilikuwa nimeandika kwamba kosa ni langu, kwamba Shafiq alinitii na kunihurumia. Akasema Shafiq ana mkono wake mwenyewe na ndiye aliyetia saini. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na mkataba wataufikiria. Yeye ameondolewa kwenye sampuli kwa miezi miwili. Sasa anasubiri abiria barabarani kama wengine.

Usijilaumu kwa ushauri wako. Ungefika mapema, labda ningeufuata, na sijui leo ningekuwa nakuandikia nini.

Madereva wapya walicheleweshwa wiki moja. Tumechagua ile programu ya tatu, yenye sura mbaya. Nilizunguka na dereva mwingine, Nduwayo, mtu asiyesema neno, tukafika kwenye zile ngazi. Niliziona. Mtaro ni wa kina cha mtu. Nikazipiga mstari mwekundu kwenye ramani, na nyingine tisa kama hizo. Mutabazi akauliza, "Sasa njia nzuri ni zipi, zile alizokupitisha Shafiq? Ziingize." Nikakaa mbele ya skrini, Dada, na sikuweza kuchora hata moja. Nilipita njia kumi na nne na mtu pekee aliyekuwa rafiki yangu, na sijui tulipita wapi.

Juzi Jumatatu madereva kumi walitoka saa mbili. Kufikia saa saba walikuwa wamerudi kumi. Walisaini, wakaenda kula. Hakuna aliyesema kitu, na kwa nini waseme?

Jana jioni nilishuka hadi Biryogo kwa miguu. Nilibisha hodi, Shafiq akafungua mwenyewe, kofia mkononi. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Sauti ya mama yake ilitoka ndani ikiuliza ni nani, Shafiq akamwambia ni mimi. Akasikiliza, kisha akaniambia taratibu, kama anavyozungumza na abiria asiyemjua:

"Mama anasema uingie. Mimi natoka."

Akanipisha mlangoni ili nisimguse, akaenda zake.

Niliingia. Mama yake alinimiminia chai ya tangawizi, akaniuliza habari za Mama na ile miguu, maana mwanawe alimsimulia zamani. Nikamjibu. Akauliza kazi inaendaje, kwa nini siku hizi tumeadimika. Nikajua Shafiq hakumwambia lolote. Nami sikumwambia. Chai iliisha, akaniongeza, nikanywa kikombe cha pili ambacho sikukihitaji, kwa sababu alikuwa akinisemesha Kiswahili, na nilijua nikinyanyuka sitarudi tena.

Mdogo wako,
Sangwa