Majros Amepatikana

Baba Hulda,

Uji wa shayiri nimeufunika jikoni. Mkate umetundikwa juu kwenye fito za darini, utungue mwenyewe. Kahawa iliyobaki usiiguse, ni yangu.

Majros amepatikana! Wewe ulishamzika, eti ng'ombe kaliwa na mbwa mwitu. Leo ulipoondoka tu kwenda kusaga ngano, nilipanda kilimani nikamwita kama tulivyoita ng'ombe kwetu Uswidi, kwa ile sauti nyembamba uliyonikataza, tusije tukachekwa na Wamarekani. Niliita mpaka koo likawaka. Mara nikasikia kengele kwenye nyasi ndefu, akatoka yeye, na nyuma yake ndama, bado amelowa! Nililia, sikufichi.

Aliyefuata kutokea ni jirani yetu Pruitt, bunduki mkononi, anahema: "Mama, nani anakuua?" Nikamwonyesha ng'ombe. Alicheka mpaka akakaa chini. Haya, tumechekwa, na hakuna aliyekufa.

~~Usinisemeshe mpaka Jumapili.~~

Jioni mkamue Majros, lakini ndama anyonye kwanza. Maziwa yatakayobaki niwekee, yale mazito ya mwanzo baada ya kuzaa, nikuokee kile kitamu chako cha kwetu. Hustahili, ila nina furaha.

Niko kwa Pruitt. Mitamba yao wamepotea, na mkewe kaniomba nikawaite. Kwa hiyo ukisikia makelele bondeni, bunduki iache ukutani. Ni mimi huyo, na safari hii nimeombwa.

Mama Hulda